Kichaa cha Farasi

Farasi amefunga breki ghafla mbele ya kizuizi. Aliyempanda ameendelea na safari peke yake: kapita juu ya shingo, katua kwa bega, kisha kichwa kikagonga mchanga. Vumbi halijatulia, kashapiga magoti anajaribu kuinuka. Farasi anazunguka uwanjani bila mtu, vikuku, vile vyuma vya kukanyagia, vinampigapiga mbavuni. Saisi, mtunza farasi, anamwendea farasi. Mwalimu anamwendea mtu.

Swali la kwanza linalomtoka aliyeanguka: "Farasi hajaumia?"

La pili, hata mchanga hajautema: "Naweza kuruka tena?"

Wanaoshinda kutwa kwenye viwanja vya farasi, iwe Ngong jijini Nairobi au Muscat, wameyasikia maswali haya yakifuatana mara nyingi hata hawayatofautishi tena. Jirani asiyejua farasi naye hayatofautishi: kwake yote ni kichaa. Na mzazi ambaye binti yake hachori kitu kingine daftarini ila farasi ana haki ya kuuliza kama jambo hili lina afya.

Limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Kila nikijibu ndiyo, mfano wa kunikanusha unajitokeza; nikijibu hapana, mambo ni yaleyale. Sasa naona tatizo liko kwenye hesabu: tunauliza juu ya kichaa kimoja, kumbe ni viwili, na mara nyingi vinaishi ndani ya mtu mmoja.

Namba iliyomponza profesa

Januari 2009 David Nutt, profesa wa Uingereza aliyekuwa mwenyekiti wa baraza linaloishauri serikali ya huko kuhusu dawa za kulevya, alichapisha makala juu ya uraibu ambao, alisema, watu wameufumbia macho. Aliupa jina la equasy. Unampa mtu msisimko, lakini unamletea madhara makubwa mara 1 katika kila matumizi 350 hivi, unaua watu wapatao 10 kwa mwaka nchini mwake, na unasababisha ajali za barabarani zaidi ya 100. Kwa vidonge vya kulevya vya ekstasi, kwa hesabu yake, madhara makubwa ni mara 1 katika matumizi 10,000.

Equasy ni kupanda farasi.

Waziri wa Mambo ya Ndani, Jacqui Smith, alimtaka aombe radhi. Oktoba ya mwaka huohuo waziri aliyemfuata, Alan Johnson, akamwondoa kwenye kiti baada ya Nutt kuendelea kusema hadharani kuhusu sera ya dawa. Mzee wa watu hakuwa na ugomvi na farasi. Alitaka kuonyesha kwamba hatari ya jambo tunaipima kwa kuangalia wanaolifanya ni akina nani. Mfupa ukivunjikia kwenye mchezo wa wenye nafasi, huitwa bahati mbaya.

Hoja yake naikubali. Namba yake ndiyo iliyonipa shida.

Ile 1 kwa 350 inamtia kapu moja mtalii anayepandishwa farasi kwa mara ya kwanza na mtu aliyekulia juu ya tandiko. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2007 uliwatenganisha, na matokeo yake yanageuza mjadala. Kwa kila saa ya kupanda, wanaoanza walikuwa wanaumia mara 3 zaidi kuliko wenye uzoefu wa kati, na karibu mara 8 kuliko wanaoishi kwa kazi hiyo. Zilihitajika kama saa 100 juu ya farasi ndipo majeraha yapungue kwa kiasi cha kuonekana.

Piga hesabu. Anayepanda saa 1 kwa wiki atazifikisha saa 100 baada ya karibu miaka 2. Mwenye kichaa, anayepanda mara 4 kwa wiki, atazimaliza ndani ya miezi 6. Na yule anayepanda sikukuu hadi sikukuu, mara ufukweni, mara hotelini Naivasha, hatoki kamwe kwenye kundi la wanaoumia.

Kwa hiyo kichaa kinaokoa?

Hapo nilifurahi mapema mno. Aliyezivuka saa 100 haishii hapo. Anapandisha vizuizi. Anaanza kupewa farasi wale ambao wengine wamewakataa. Hatari kwa saa imeshuka, lakini saa zimekuwa nyingi na kila saa imekuwa nzito zaidi. Uzoefu wenyewe hauna nguvu mbele ya mtu ambaye kila akizoea kiwango kimoja cha hofu anatafuta kingine.

Kichwa hakina spea

Kabla ya falsafa, vifaa. Mtu anayesema anapenda farasi kuliko roho yake halafu anapanda na kofia ya baiskeli, huyo hana hoja ya kujadiliwa.

Ukiwa juu ya farasi wa kimo cha kawaida, kichwa chako kiko karibu mita 2.5 kutoka ardhini. Chini yako kuna mnyama wa kilo 450 hadi 500, ambaye akiwa wa mbio anaweza kufikia kilomita 65 kwa saa, na ambaye kwa asili yake ni mawindo: hukimbia kwanza, hufikiri baadaye. Kofia ya baiskeli haikupimwa kwa kwato wala kwa ukingo wa kizuizi. Tafuta ya kupandia farasi yenye alama ya ASTM F1163, PAS 015 au VG1. Ikae sawa, upana wa vidole 2 juu ya nyusi. Tikisa kichwa kabla ya kufunga kamba. Ikicheza, ni kubwa. Ikishagonga chini mara moja, itupe hata kama haina ufa, kwa sababu povu la ndani likishabonyea halirudi. Hata isiyogonga kitu huchakaa kwa jasho na jua, na ushauri wa kawaida ni kuibadilisha kila baada ya miaka 5 hivi.

Viatu viwe na kisigino cha kiasi cha sentimita 2, ili mguu usipenye kwenye kikuku ukanaswa. Kikuku chenyewe kiwe kipana kuliko kiatu kwa sentimita 2 hadi 3. Kikibana, mguu hautoki ukianguka. Kikiwa kipana mno, mguu mzima unapita, na unaburutwa.

Mkanda wa tandiko kaza mara mbili. Farasi wengi hujaza kifua pumzi wanapofungwa. Mtembeze hatua chache, kaza tena, ndipo upande. Matandiko mengi yanayozunguka na kumtupa mtu ubavuni hayakuwa na hitilafu yoyote. Yalikazwa mara moja tu.

Na majeraha si machache hutokea mtu akiwa chini kwa miguu yake. Farasi huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa na mbele ya paji la uso karibu sana. Mwendee upande wa bega, umwite. Kamba ya kumwongozea usiizungushe mkononi hata akiwa mpole kama kondoo: ikunje, uishike katikati ya mikunjo. Akishtuka, iliyozungushwa huondoka na kidole.

Yote hayo hupunguza tu. Christopher Reeve, yule mwigizaji wa Superman, alikuwa na kofia na fulana ya kinga tarehe 27 Mei 1995 huko Culpeper, Virginia, farasi wake aliposimama kwenye kizuizi cha tatu. Mikono ilinaswa kwenye hatamu, akatua kwa kichwa, pingili mbili za juu za shingo zikavunjika. Kofia hailindi shingo.

Sasa turudi kwa yule anayeuliza kama anaweza kuruka tena. Mtikisiko wa ubongo hauhitaji mtu kuzimia. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kujibu polepole, kuona viwili viwili, kuuliza jambo lilelile mara tatu: mojawapo likitokea, siku ya kupanda imekwisha. Akitapika tena na tena, akizidi kusinzia, akipata degedege, mkono au mguu ukilegea, au shingo ikimuuma, asisogezwe; ita gari la wagonjwa. Miongozo ya sasa inataka mapumziko ya saa 24 hadi 48, kisha kurudi hatua kwa hatua, kila hatua angalau siku nzima, na tandiko liwe la mwisho baada ya daktari kuruhusu.

Tatizo ni kwamba ubongo uliotikiswa ndio uleule unaoulizwa kama uko salama.

Jasho ni la nani?

Wanaotetea mchezo huu husema ni mazoezi. Ni kweli, ila tuangalie vipimo. Jedwali la nishati ambalo wataalamu wa mazoezi hulitumia, toleo la 2011, linachukua nishati ya mtu aliyekaa kimya kuwa 1. Kupanda farasi anayetembea ni 3.8. Kwa mchakamchaka ni 5.8. Kwa shoti ni 7.3. Mwili wa kati, mapaja ya ndani na mgongo wa chini hufanya kazi kubwa ambayo mtazamaji haioni, ndiyo maana mgeni hushuka akitembea kama bata.

Lakini jedwali hilohilo lina mstari mwingine: kulisha, kunywesha na kusafisha banda ni 4.3. Kutandika na kumsugua farasi ni 4.5.

Yaani kushika reki kunachoma zaidi ya kupanda farasi anayetembea.

Sasa angalia ilivyo katika mabanda mengi ya Karen, Nairobi. Saisi amefika alfajiri. Farasi mmoja humtolea kati ya kilo 15 na 23 za kinyesi kwa siku, mbali na matandazo yaliyolowa. Anabeba nyasi, anabeba maji, lita 25 hadi 50 kwa kila farasi, zaidi kukiwa na joto. Anasugua, anatandika. Mwenye farasi anafika saa 3 asubuhi, anapandishwa, anazunguka dakika 45 nyingi zikiwa za kutembea, anashuka, anamkabidhi saisi hatamu, anaondoka. Akiulizwa, ni mwanamichezo.

Aliyeajiri mtu wa kumfanyia kazi za banda ameajiri pia mtu wa kumchukulia nusu ya afya. Simlaumu; kazi ile inalisha familia nyingi. Ila tukipima afya ya kichaa hiki tuwapime wote waliomo. Vumbi la nyasi kavu na harufu kali ya mkojo vinaingia kwenye mapafu ya saisi kila siku. Teke la saa 12 asubuhi ni lake. Je, ana kofia? Kwenye mabanda mengi kofia ni ya anayelipa.

Wachezaji wa mbio nao wana lao. Mpanda farasi wa mashindano hupangiwa uzito, na wapo wanaofunga kula na kujikausha maji kwa jasho ili mizani ikubali. Mtu wa namna hiyo anapanda kiumbe cha kilo 480 kwa kasi ya gari, akiwa na kiu, akiwa na kizunguzungu. Hapo hakuna afya ya kuitafuta.

Lis Hartel alipandishwa kwa kubebwa

Kila nilipoelekea kuhukumu, mwanamke mmoja wa Denmark alinizuia.

Lis Hartel alipata polio mwaka 1944 akiwa na mimba. Alibaki bila nguvu chini ya magoti. Alirudi kwenye farasi, akaanguka, akarudi tena. Mwaka 1952 huko Helsinki, mara ya kwanza wanawake kuruhusiwa kushindana na wanaume katika mchezo wa farasi wa kufuata hatua kwenye Olimpiki, alishinda medali ya fedha akiwa juu ya farasi jike aliyeitwa Jubilee. Ilibidi asaidiwe kupanda na kushuka. Mwaka 1956 akachukua fedha nyingine.

Daktari yeyote makini wa wakati ule angemwita mkaidi. Ni kichaa kilekile, na kwake kilikuwa tiba.

Tiba yenyewe ina maelezo. Farasi anapotembea, mgongo wake humsukuma aliyeketi mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, kwa mpangilio unaofanana sana na jinsi nyonga za binadamu zinavyocheza anapotembea. Misukumo hiyo ni kama 100 kwa dakika. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye misuli yake imekakamaa hupokea, kwa dakika 20 tu, misukumo kama 2,000 ya kutembea bila miguu yake kukanyaga chini. Ndiyo sababu wataalamu wa viungo hutumia farasi: anayetembea, anayeongozwa kwa kamba, na watu wawili kandokando.

Hakuna shoti humo, wala kizuizi cha kuruka.

Hartel alihitaji shoti pia, najua. Alikuwa mshindani hadi kwenye mifupa. Lakini kwa mwili ule, bila nguvu ya miguu, hangeweza kumlazimisha Jubilee kitu. Alilazimika kumsikiliza kwa makalio, kwa mgongo, kwa uzito. Ukimtazama hivyo unaanza kuona kichaa chake kilikuwa cha namna gani.

Kichaa cha macho

Kuna watu wanajua farasi wao hupumua mara ngapi. Mzima aliyetulia ni pumzi 8 hadi 16 kwa dakika, mapigo 28 hadi 44, joto 37.5 hadi 38.5. Wanajua hunya mafungu 8 hadi 12 kwa siku, na asubuhi wakikuta mafungu 3 tu bandani hawaendi kazini kabla hawajajua kwa nini. Hucheka wenyewe wakitajwa: kweli, mtu mzima anahesabu mavi!

Lakini farasi hatapiki. Tumbo lake ni dogo kwa mwili ule, lita 8 hadi 15, na linatoa asidi mchana na usiku, ale asile. Utumbo ukijisokota, saa chache zinatosha kumwua. Dalili za kwanza ni ndogo: anaangalia ubavu wake, anaparapara chini, anajilaza na kuinuka, ameacha nyasi. Anayemjua ataziona saa 1 usiku. Asiyemjua ataziona saa 11 alfajiri.

Na hapa kwetu kuna usubi, wale wadudu wadogo wanaong'ata. Mbung'o ndio walioyafanya maeneo mengi ya bara kuwa kaburi la farasi tangu enzi za misafara. Pwani na nyanda za juu ndiko farasi alikopata pa kusimama. Usubi hawana mipaka hiyo. Hueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao pundamilia huubeba bila kuonyesha dalili, na ambao umbo lake la mapafu huua karibu kila farasi asiye na kinga. Homa, povu puani, kisha basi. Hauna dawa; kuna chanjo, na kuna nidhamu. Usubi hung'ata zaidi kuanzia machweo hadi alfajiri, hasa baada ya mvua. Kwa hiyo farasi awe ndani kabla jua halijazama, madirisha yawe na wavu mwembamba, na mwili upakwe dawa ya kufukuza wadudu.

Sasa fikiria zile picha nzuri za farasi na machweo mtandaoni.

Mwenye kichaa cha macho, yaani cha kumwangalia farasi, hushuka saa 11 jioni na kumfungia. Mwenye kichaa cha kupanda anasubiri mwanga mzuri.

Dakika 20 za Tokyo

Tarehe 6 Agosti 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo, Annika Schleu wa Ujerumani alikuwa anaongoza pentathlon ya kisasa, shindano la michezo mitano, kupanda farasi ukiwemo. Mchezo ule uliwapa wachezaji farasi wasiowajua, kwa kura, na dakika 20 za kuzoeana. Kura ilimpa Saint Boy, ambaye alikwisha kumgomea mchezaji mwingine. Dunia nzima iliona: farasi anarudi nyuma, mpandaji analia huku akimpiga kiboko, kocha Kim Raisner anasikika akihimiza apigwe, kisha anampiga kwa ngumi mwenyewe. Kocha aliondolewa kwenye michezo iliyobaki, na baada ya Paris 2024 kupanda farasi kukafutwa kabisa kwenye pentathlon.

Schleu hakuwa mtu katili. Alikuwa ameandaa mwili kwa miaka, na dhahabu iko mbele. Kiumbe pekee aliyesimama kati yake na dhahabu alikuwa na hofu, naye hakuwa na lugha ya kuzungumza naye. Kupanda kulikuwapo. Farasi hakuwapo.

Ni jambo lilelile, kwa mwendo mrefu zaidi, lililofanya Machi 2015 Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi kulisimamisha shirikisho la Falme za Kiarabu: ustawi wa farasi kwenye mbio za masafa. Mbio hizo zinaweza kufika kilomita 160 kwa siku moja, na kanuni inataka mapigo ya moyo yashuke, kwa kawaida hadi 64 kwa dakika, kituoni ndipo farasi aruhusiwe kuendelea. Daktari anashika moyo wa farasi ili mwenye farasi alazimike kuusikia.

Kwenye mabanda ya kawaida hakuna daktari kituoni. Kuna farasi anayechechemea kidogo Ijumaa na shindano Jumapili, na pakiti ya dawa ya maumivu kwenye kabati. Akipewa, Jumapili hachechemei. Jeraha liko palepale, ila yule aliyekuwa akilalamika amenyamazishwa. Kuna pia mizani ambayo haipandwi: kanuni inayotumika sana ni kwamba mtu na tandiko visizidi sehemu 1 ya 5 ya uzito wa farasi. Kwa farasi wa kilo 450 ni kilo 90. Mtu wa kilo 85 na tandiko la kilo 9 wamepita, hata kama amepanda tangu utotoni.

Wiki sita bandani

Robert Vallerand, mwanasaikolojia wa Kanada, tangu 2003 ameeleza shauku za aina mbili. Moja mtu anaishika: anaipenda, inampa nguvu, na akihitaji kuiweka chini anaiweka. Nyingine inamshika yeye: akiikosa anahisi hana thamani, na ataendelea nayo hata inapomwumiza. Saa za kupanda zinaweza kuwa zilezile. Fedha zilezile.

Sasa utazitofautishaje kwa macho? Dodoso zipo, lakini farasi ana dodoso lake.

Subiri aumie mguu.

Daktari wa mifugo akisema wiki 6 za kupumzika bandani, kutembezwa kwa kamba dakika 10 asubuhi na 10 jioni, hakuna tandiko, ndipo utaona. Kuna anayekuja kila siku. Anamtembeza dakika zake 10, anabadilisha bendeji, anamkwangua kwato, anapunguza nafaka kwa sababu hafanyi kazi, anaongeza nyasi ili tumbo lisikae tupu. Analala vizuri. Kuna anayekuja wiki ya kwanza, kisha anaanza kumkwepa saisi kwenye simu. Huyo amekwisha kupata farasi mwingine wa kuazima. Na kuna wa tatu, ambaye wiki ya 3 anaanza kusema kuwa daktari anatia chumvi, mbona anatembea vizuri, ngoja nimjaribu kidogo.

Nawaogopa zaidi hawa wa tatu, kwa sababu ndio wanaoitwa wapenzi wa kweli wa farasi. Hujisifu kwa hilo. Ndio pia wanaoficha kuwa walizimia walipoanguka, wanaokopa kwa ajili ya nyasi huku karo inadaiwa, ambao hakuna mazungumzo nyumbani yasiyoishia bandani. Mpanda farasi wawili hupasuka msamba, na wao huamini watakuwa wa kwanza kutopasuka.

Sisemi wa kwanza hana dalili hata moja kati ya hizo. Anazo. Naye aliwahi kuuliza kama anaweza kuruka tena. Ila akiambiwa hapana, bado ana sababu ya kuja kesho.

Kwa mwenye binti anayechora farasi

Mwache achore. Kisha mpeleke mahali ambapo ataanzia chini.

Mwezi wa kwanza asipande, au apande dakika 15 tu mwishoni, akiongozwa. Kabla yake ajifunze kuvisha hatamu za kuongozea, kutembea kwenye bega la kushoto bila kuvutana, kusugua kwa kufuata manyoya, na kusafisha kwato kuanzia kisigino kwenda mbele, akiepuka kuikwaruza ile nyama laini ya pembetatu katikati. Ajifunze kufungia farasi kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja. Apewe siku moja ya mvua ambayo hakuna kupanda kabisa, mwambie mapema kwamba hakuna, uone kama atavaa buti.

Unapochagua shule, usiangalie vizuizi. Angalia farasi wakiwa bandani: mbavu, vidonda mgongoni palipokaa tandiko, kwato zilizopasuka, maji kwenye ndoo. Kwato za anayetunzwa hukatwa kila wiki 6 hadi 8. Uliza ni lini mara ya mwisho, na muulize saisi, kwa sababu ofisini jibu ni lilelile siku zote. Uliza farasi mmoja hubeba wanafunzi wangapi kwa siku. Uliza nini hufanyika mtoto akigonga kichwa, na kama kofia zao zimeshawahi kuanguka na mtu. Wakicheka swali hilo, ondoka.

Na akishaomba anunuliwe wake, msome hesabu pamoja. Farasi wa kilo 450 hula karibu asilimia 2 ya uzito wake kwa siku: kilo 9 za nyasi kavu, kilo 270 kwa mwezi. Kwa marobota ya kilo 15 ni marobota 18, kabla ya nafaka, fundi wa kwato, meno mara 1 kwa mwaka, chanjo, dawa ya kupe na mshahara wa saisi. Pigia simu wauza nyasi watatu uulize bei ya mwezi wa mvua na bei ya mwezi wa ukame. Yeye ndiye apige.